Homa ya Mzee Breki

Homa ya Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, ilikataa katakata kuondoka. Vipimo vyote vilitoka safi, na mwili bado unawaka. Mabinti zake watatu wakawa wanapishana mlangoni, kila mmoja na vidonge vyake mkononi.

Mkewe, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno, uvumilivu ukamwishia. Akazikusanya dawa zote kwenye kapu la vitambaa, akamkokota mumewe hadi kwa daktari, akazimwaga mezani.

"Mzee, unameza hizi zote?" daktari akashangaa.

"Nikiacha za mmoja, atanuna."

Daktari akaeleza kwamba kuna dawa ambazo zenyewe huwaletea watu homa. Akazisimamisha zote, akawa anamwangalia kwa karibu. Wiki haikuisha, mwili ukapoa.

"Yaani umejichemsha hivyo kwa kuwaogopa wanao!" mkewe akafoka, huku kiganja chake hakitoki kwenye paji la uso wa mumewe.

Mabinti wakashukuru, wakarudi kwenye shughuli zao. Nyumba ikawa kimya. Asubuhi moja mkewe akaingia sebuleni, akamfuma Mzee amechovya kipimajoto kwenye chai ya moto, anakikodolea macho kwa matumaini.

Akafungua kinywa ampashe. Akakifunga. Akachukua simu, akampigia binti mkubwa.

"Homa ya baba yenu imerudi. Waambie wenzako, mje wote. Na atakayekuja na kidonge, atalala nje."