Ukuta wa Ghala la Bunda

"Usinitazame mimi. Tazama pale unapotaka kutua."

Shani alikuwa amesimama juu ya jiwe kubwa la ufukweni, vidole vya miguu vimefika ukingoni kabisa. Mbele yake kulikuwa na jiwe jingine. Katikati palikuwa na pengo la hatua mbili ndefu, na chini ya pengo maji ya ziwa yaliingia na kutoka kwenye mawe madogo yenye ncha.

"Siwezi, dada."

"Basi shuka," alisema Mbuke kutoka mchangani. "Jana hapa chini uliruka upana huo huo mara ishirini. Leo mwili umekataa. Shuka, tupige pushapu."

Shani alishuka kwa makalio, akiona aibu. Ilikuwa Februari 1993, na zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani.

Kiwanda cha nguo alikokuwa akifuma kilikuwa kimepunguza watu mwezi Desemba. Majina yalisomwa getini, la kwake likawa la kumi na moja. Tangu hapo alishinda nyumbani kwao mtaa wa Nyasho, akimsaidia mama yake, Mwanaupe, kukaanga vitumbua. Halafu ikaja habari kwamba kampuni mpya ya ulinzi, ya mtu binafsi, inatafuta walinzi arobaini, na kati yao wanawake sita. Mtihani ungefanyika Bunda, kwenye ghala la pamba lililoachwa: kukimbia, pushapu kumi na tano, na kuvuka ukuta.

Mbuke alikuwa jirani yao. Aliuza samaki sokoni, sato na gogogo, lakini ujanani alipitia mafunzo ya jeshi ya JKT, na mabega yake yalionyesha hivyo. Shani alipomwomba amfundishe, Mbuke alimwambia apige pushapu moja. Hakuweza hata hiyo moja. Kifua kilikwenda chini kikabaki huko.

Wakaanza kwa kuegemeza mikono kwenye jiwe la kimo cha kiuno. Baada ya siku kadhaa jiwe likawa la kimo cha goti, kisha mikono ikashuka mchangani. Shani alichuchumaa na kuinuka akiwa amebeba ndoo ya mchanga. Alining'inia kwenye tawi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kuruka hakuruhusiwa mpaka ajue kuanguka: atue kwa vidole, akunje magoti, na kasi ikizidi abiringike kwa bega. Akitua kwa kishindo, Mbuke alisema neno moja tu, "Rudia," na Shani alirudia.

Pengo la mawe lilimshinda siku tatu. Siku ya nne aliliruka, akatua, akakaa juu ya jiwe la pili, na Mbuke akamwambia arudi alikotoka kwa njia ile ile.

Mazoezi alimficha baba yake, lakini siri haikudumu. Baba yake, mzee Hamduni, alikuwa fundi viatu. Siku mbili kabla ya mtihani mteja mmoja alimwambia alichokiona ufukweni. Mzee alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakuta suruali ya mazoezi ya Shani imeanikwa uani.

"Kumbe asubuhi ndiko unakoendaga?"

"Ndiko, baba."

"Unarukaruka juu ya mawe umevaa suruali, watu wanakutazama?"

"Natafuta kazi, baba."

"Hiyo si kazi. Kupanda kuta mbele za wanaume si kazi." Aliitupa suruali juu ya ndoo. "Nimemaliza."

Asubuhi ya mtihani Shani alivaa suruali, akajifunga kanga juu yake. Baba alikuwa ameketi mlangoni. Hakumzuia, lakini hakuusogeza mguu wake, ikabidi Shani auvuke.

"Ukivunjika," alisema bila kumtazama, "usirudi kunililia mimi."

Bunda watu walikuwa wamejaa, mia mbili au zaidi. Mbio zilipunguza wengi, pushapu zikapunguza wengine. Shani alipiga kumi na saba. Kisha wakapelekwa nyuma ya ghala, kwenye ule ukuta. Ulikuwa na kimo cha mtu na nusu. Ilitakiwa kuupanda, kutembea juu yake hatua kumi mpaka kwenye kona, ndipo kushuka upande wa pili palipomwagwa mchanga. Kabla ya kona, upande huo wa pili ulijaa vyuma chakavu vya mashine.

Msimamizi alikuwa na filimbi na saa ya mkononi. "Dakika mbili kila mmoja. Wa nyuma aanze wa mbele akifika juu."

Mbele ya Shani alikuwa kijana mwenye kifua kipana kutoka Butiama, jina lake Wanzagi. Alikuwa akitania watu tangu asubuhi. Aliupanda ukuta kwa mkupuo mmoja, akasimama, watu wakampigia makofi. Filimbi ikalia kwa Shani. Alikimbia, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akajisukuma juu, vidole vikashika ukingo. Alijivuta mpaka kifua kikapita.

Ndipo tofali likachomoka chini ya mguu wa Wanzagi.

Lilianguka kwenye vyuma kwa mlio uliowanyamazisha wote. Wanzagi alijitupa kifudifudi, akaukumbatia ukuta kwa mikono na miguu, macho ameyafumba.

"Endelea!" alipiga kelele msimamizi. Wanzagi hakusogea. "Wewe binti, mruke! Muda unakwenda!"

Shani alimtazama. Angeweza. Wanzagi alivyolala hakuwa mrefu kuliko lile pengo la ufukweni. Lakini mwili mzima wa yule kijana ulikuwa ukitetemeka, na ukuta ulitetemeka pamoja naye. Akishtuka kidogo tu, angeangukia vyuma.

Shani alikaa, akaupanda ukuta kama punda, akajisogeza polepole mpaka akamgusa kifundo cha mguu.

"Kaka. Ni mimi niliye nyuma yako. Fumbua macho."

"Siwezi."

"Usitazame chini. Tazama tofali lililo mbele ya pua yako. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Sasa teremsha mguu wa kulia, huku tulikotoka. Huku hakuna vyuma. Nimekushika suruali."

Mguu ulishuka kidogo, ukasita.

"Na wa pili. Ning'inia kwa mikono. Wewe ni mrefu, ardhi iko karibu na miguu yako kuliko unavyodhani."

Filimbi ya muda ililia. Hakuna aliyeijali. Wanzagi alining'inia, shingo imemtoka mishipa, na Shani akamwambia kwa sauti ya chini, "Achia." Alitua kwa magoti, akabaki hapo.

Shani alipofika chini, msimamizi alikuwa amekwishakata jina lake.

"Nirudie," alisema Shani.

"Muda wako umepita."

"Umepita nikiwa nafanya kazi ya ulinzi, bwana. Nirudie."

Watu waliguna. Msimamizi aliiangalia saa yake. "Sasa hivi, basi. Hakuna kupumzika."

Mikono ya Shani ilikuwa mizito kama imelowa maji. Mara ya kwanza vidole viliteleza, ukuta ukamchuna ngozi ya kiganja. Alirudi nyuma hatua kumi, akafuta damu kwenye suruali, akakimbia tena. Safari hii alipitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akabaki ananing'inia, akisikia sekunde zinakwenda. Alipeleka goti juu. Akasimama. Tofali lilipochomoka palibaki shimo, akaliruka bila kusimama. Kwenye kona aligeuka, akashuka kwa mikono, akaachia. Mchanga haukutoa sauti.

Msimamizi aliandika kitu, akaita anayefuata.

Majina yalisomwa saa kumi. La Shani lilikuwa la tano kati ya wanawake sita. La Wanzagi halikusomwa. Alimfuata Shani kwenye kituo cha basi, akasimama pembeni yake.

"Kwetu nilikuwaga napanda milima bila shida yoyote," alisema. "Sijui leo imekuwaje."

"Hata mimi nilishindwa siku tatu," Shani alimjibu.

Nyumbani alifika jua likizama, hawezi hata kuinua mkono kufungua kanga. Mama yake ndiye aliyemfungua, akakikanda kiganja chake kwa maji ya chumvi. Baba alisikiliza habari yote kutoka chumba cha pili. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo kijana, hakuumia?"

"Hakuumia, baba."

Asubuhi Mbuke alikuja kumchukua kwenda mazoezini, akagonga mlango, kikapu cha samaki begani. Shani alimsikia, akajaribu kuinuka, mgongo ukakataa. Kabla hajaita, alisikia komeo linafunguliwa na sauti ya baba yake mlangoni.

"Amelala. Mwache leo apumzike. Kesho njoo mapema, nitakuwa nimemwamsha."