Toleo la 2.4.1

Agripina alikuwa ofisini mjini Singida, anakunywa chai ya rangi, akisubiri Gerald akubali namba ya toleo jipya la programu yao. Programu hiyo ya kusajili wagonjwa ilikuwa huria. Zahanati yoyote iliichukua bure. Toleo la kufuata 2.4.0 lilikuwa tayari. Utaratibu ulijulikana: toleo likivunja mambo ya zamani, hupanda namba ya mbele, likirekebisha kasoro ndogo, hupanda ya mwisho.

"Hili haliwatambui waliosajiliwa zamani," alisema Agripina. "Ni 3.0."

"Ukiandika 3.0 zahanati zitaogopa," alijibu Gerald, mkuu wa mradi. "Andika 2.4.1."

Akaandika, akalitoa.

Zahanati zililichukua bila wasiwasi. Wiki haikuisha, waliosajiliwa zamani wakawa hawasikiki. Walionekana vizuri tu, walipanga foleni kama kawaida, ila sauti zao zilisikiwa na wenzao wa zamani peke yao. Muuguzi mmoja alimwomba bibi mmoja aonyeshe panapouma. Bibi huyo, aliyekuja kumsemea mjukuu wake aliyelala nyumbani, akashika tumbo, kuonyesha mtoto anaumwa nini. Akapimwa yeye, akapewa vidonge vya watu wazima.

Agripina alikuwa amejisajili upya alipolijaribu toleo, kwa hiyo yeye alisikika, ila wa zamani hakuwasikia. Jumamosi alienda Unyambwa kwa mama yake, Felista, aliyesajiliwa zamani. Akamkuta uani anapepeta alizeti.

"Shikamoo, mama."

Midomo ya mama iliitikia. Kilichosikika ni ungo.

Agripina akasogea kando, akampigia Gerald. "Tubadilishe namba basi, watu wajue."

"Namba ikishatoka haiguswi. Unaujua utaratibu."

"Na hawa wa zamani?"

"Tutawashughulikia kwenye 3.0."

"Lini?"

"Hatujapanga."

Aliporudi, jirani yao Damiani, naye wa zamani, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Yeye na mama walizungumza, pengine Kinyaturu, wakacheka. Kisha mama akaweka ungo chini. Akamshika Agripina mkono, akamwambia jambo refu, akimtazama machoni. Damiani aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," alisema Agripina.

Mama alitikisa kichwa kukataa, akaanza kulisema upya, polepole zaidi.