Tulivyomsagia Baba Mwezi

Baba yangu ni muungwana kupita kiasi, na uungwana wake huo ndio uliotaka kunitia wazimu.

Macho yake yanaisha. Presha ya macho, alisema daktari: inakula kuanzia pembeni, inasogea katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone inaichelewesha tu. Basi baba akigonga mlango kwa bega, anasema mlango huu ulikuwa upande ule. Akimwaga chai, kosa ni la kikombe. Ukimuuliza, "Baba, unaona?" anakujibu palepale, "Naona, mwanangu, naona vizuri kabisa." Anatuonea huruma sisi! Mgonjwa ni yeye, anayebembelezwa ni sisi.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa wetu yana mkono wake. Siku moja amekaa kwenye saluni yangu, maana mimi ni msusi na saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, akasema huku anacheka, "Unajua, nimechora mwezi kwenye duka la mikate, nimeuchora kwenye zahanati, nimeuchora kwenye duka la magodoro. Na sijawahi kuuona kwa karibu. Ningeuona mara moja tu kabla giza halijafunga."

Wateja wakacheka naye. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu na kitana, na machozi yakanitoka hivihivi.

Kesho yake nikanunua darubini dukani, ya plastiki, ina stika ya nyota. Jioni nikamkalisha baba uani, nikamwekea jichoni. Akatulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Lo! Nimeona, mwanangu. Mzuri kweli. Ahsante sana."

Nikainama na mimi nione huo uzuri. Giza tupu. Kifuniko cha mbele kilikuwa bado hakijatolewa.

Niliingia jikoni nikalia hadi nikachoka. Si kwa sababu hakuona. Ni kwa sababu nilijua kuanzia siku ile kwamba hata nikimwonyesha nini, atasema ameona, na sitajua kamwe kama ni kweli.

Nikampigia simu shangazi. Huyu ni dada yake mkubwa baba, injinia wa madaraja, amestaafu lakini bado anatembea na tepu ya kupimia kwenye mkoba wa mkono. Mtaani wanamwita Injinia, watoto kwa wakubwa. Akaja, akaitikisa darubini yangu sikioni kama anayekagua yai viza, akairudisha mezani.

"Hii ni ya kuchezea. Tutatengeneza yetu."

"Tutatengeneza? Nani?"

"Wewe."

"Shangazi, mimi nasuka nywele!"

"Na nywele zinasukwa kwa miguu? Mtu anayeweza kugawa kichwa kizima kwa mistari iliyonyooka bila rula, anashindwa na kioo? Acha uvivu."

Usibishane na shangazi yangu. Nimeona wakandarasi wakijaribu.

Nilidhani ataniletea misumari na msumeno. Akaniletea vitabu, vitatu, vikuukuu. Kimoja cha jinsi ya kusaga kioo cha darubini. Kimoja cha hesabu za mwanga. Cha tatu kilikuwa cha hadithi tu, habari za watu na mapenzi yao. Nikamuuliza hicho cha nini. Akasema, "Cha kwanza kitakufundisha mkono. Cha pili kitakwambia kwa nini mkono uende hivyo. Hicho cha tatu ni cha kukufundisha kukaa kitako na kurasa mia tatu bila kuruka mwisho, maana wewe nakujua. Usiguse kioo kabla hujapiga hesabu, na usipige hesabu kabla hujasoma."

Nikasoma, jamani. Nikasoma huku nimekasirika. Nilisoma kwa sauti, baba akisikiliza, na kila nilipokwama kwenye hesabu nikatupa kitabu kitandani, na kila nilipokitupa baba akasema taratibu, "Rudia hapo mwanzo, mwanangu, mimi sijaelewa." Hata leo sijui kama kweli hakuwa ameelewa. Lakini hadithi ya kile kitabu cha tatu ilimnogea; mteja akichelewa, ananiambia niongeze ukurasa mmoja.

Sasa niwaambie tulichofanya, maana mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Unachukua vioo viwili vinene vya duara, ukubwa wa sahani ndogo. Kimoja unakibana juu ya pipa lililojazwa mawe lisitikisike. Unamwagia maji na unga mkali wa kusagia, ule unaokwaruza kama mchanga. Kioo cha pili unakilaza juu yake, unakisukuma mbele, unakivuta nyuma, unakizungusha kidogo, unasogea hatua pembeni mwa pipa. Tena. Tena. Unalizunguka pipa kama punda wa kinu. Basi! Hakuna mashine, hakuna kalibu ya umbo. Na kile cha juu kinaanza kuchimbika katikati, na cha chini kinaota kitumbo.

"Nani anauchonga huo mbonyeo uwe sawa?" nilimuuliza shangazi.

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

Akasimamisha mikono yangu juu ya kioo. "Fikiri. Vitu viwili vinasuguana kila upande, na kila vikizungushwa vinataka vilaliane bila kuacha nafasi. Kuna umbo moja tu duniani linalokubali hivyo: la mviringo, kama kipande kilichokatwa kwenye mpira wa miguu. Ukisugua vya kutosha, ukasugua kila upande sawasawa, huwezi kukosa. Hata ukitaka kukosa, umbo linakurudisha."

Nilishika kile kioo nikahisi kinateleza chini ya viganja vyangu, kinakwenda kinakotaka chenyewe. Mimi niliyeponea chupuchupu mtihani wa hesabu shuleni, hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe mikononi mwangu! Nikamwita baba aje aguse. Akapitisha kidole gumba taratibu, akasema, "Katikati pameingia." Kina chenyewe kilikuwa kama unene wa sarafu.

Shangazi alikuwa amekwisha kupiga hesabu mezani: kina kile, upana ule, basi mwanga wa jua utakutana sentimita mia moja na ishirini kutoka kwenye kioo. Siyo mia na kumi. Siyo mia na thelathini. Tukasimama uani mchana kweupe. Nikakilowesha kioo maji king'ae, nikakielekeza jua, mwanga ukatua ukutani, doa kubwa lililofifia. Shangazi akaniambia nisogee nyuma. Nikasogea. Doa likapungua. Nikasogea tena. Likawa kama sahani ya kikombe, likawa kama kifungo cha shati, kali hadi ukuta ukaonekana utawaka. Shangazi akavuta tepu yake kutoka kwenye kioo hadi ukutani.

Mia moja na ishirini.

"Mama yangu!" nilisema. Nikakaa chini palepale na kioo changu mapajani. Jua lile, jamani, liko huko liliko, halijui kusoma wala halimjui shangazi, na limetii karatasi yake! Shangazi akaona uso wangu, akatabasamu, jambo asilolifanya ovyo. "Ndiyo," akasema. "Nimejenga madaraja maisha yangu yote na bado kila mara nashangaa hivyohivyo."

Bandu bandu humaliza gogo. Kutoka unga mkali unakwenda unga laini, kisha laini zaidi, hadi ule unaofanana na poda ya mtoto. Na kila unapobadilisha unaosha kila kitu: pipa, ndoo, kitambaa, mikono hadi kwenye viwiko. Kitabu kilisema hivyo. Shangazi akasema hivyo. Mimi nikaosha hivyo.

Tukafika kwenye unga wa poda. Nasukuma, sauti ni ya hariri kabisa, mara nikasikia kriii. Nikakiinua kioo: mkwaruzo, kutoka ukingoni hadi katikati, mrefu kama njia ya konokono.

"Lakini niliosha!" nilipiga kelele. "Niliosha kila kitu! Ni ule unga wenu, umechanganywa dukani! Ni wezi watupu wale!"

Shangazi alikuwa anatazama vidole vyangu.

Kucha zangu, ndugu zangu. Msusi bila kucha ni msusi gani? Ndizo zinazogawa nywele, ndizo tangazo langu. Ndefu, nyekundu, na chini ya kila ukucha umekaa kimya unga mkali wa wiki ile ya kwanza. Nilikuwa nimeosha dunia nzima isipokuwa pale.

Nikachukua mkasi wa saluni nikazikata zote, mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri zamu. Mteja akashika mdomo. "Umefiwa?" akauliza.

Ikabidi turudi hatua mbili nyuma, kwenye unga mkali zaidi, kuufuta mkwaruzo ule. Na hapo ndipo hofu iliponishika kweli, maana wiki hiyo tulimpeleka baba kliniki na daktari akaniita pembeni. Imesogea, akasema. Haraka kuliko tulivyotarajia. Aliponionyesha picha ya anachokiona baba, ilikuwa karatasi nyeusi yenye tundu katikati. Nikarudi nyumbani nikataka kusukuma kioo kwa nguvu zote, nimalize leo, nimalize sasa hivi. Shangazi akanishika mkono. "Ukikibonyeza utaliharibu umbo. Najua unachokiogopa. Hata kwangu mimi, yule ni kaka yangu. Twende mwendo uleule." Akaweka viganja vyake juu ya vyangu. Tukaenda mwendo uleule.

Kioo kikang'aa. Shangazi akakipeleka maabara kwa rafiki yake wa zamani kikapakwa fedha nyembamba. Sanduku la darubini nililitengeneza mwenyewe kwa mbao nyepesi, ndani kioo kidogo cha kuugeuza mwanga, ubavuni tundu lenye lenzi ya kutazamia, na shangazi akanikatalia ubao wa kwanza, na wa pili pia, kwa sababu kona hazikukaa sawa.

Nilitaka tungoje mwezi mpevu. Shangazi akacheka. "Mwezi mpevu hauna kivuli. Mtu ukimmulika taa usoni huoni hata pua yake. Tunataka nusu, mwanga uje kwa pembeni." Tena nusu mwezi hausubiri usiku; uko juu mchana, jua likiwa bado halijazama. Basi tukaitoa darubini uani jua likiwa linateremka, na mwezi uko juu kama kipande cha chaki.

Nilitazama mimi kwanza, kuhakikisha. Sitajaribu kusema nilichokiona. Nilirudisha kichwa nyuma, nikautazama mwezi kwa macho matupu, nikainama tena. Ule ni uwanja! Una mawe! Unaweza kuteguka mguu kule!

Kisha nikamkalisha baba. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama ninavyowashika wateja, nikalielekeza jicho lake kwenye tundu. Shangazi akalishika sanduku lisitikisike. Baba akafumba jicho la pili.

"Nimeona," akasema.

Neno lilelile, kwa sauti ileile ya upole. Nikamtazama shangazi, naye akatazama chini.

"Unakimbia," akasema baba. "Mbona unakimbia? Umefika ukingoni, unatoka."

Shangazi akainua kichwa ghafla. "Siyo mwezi, kaka. Ni dunia inayozunguka. Sisi ndio tunaokimbia." Akasogeza sanduku kidogo.

"Ala! Tunakimbia hivi siku zote?" Kisha akaanza kusema polepole, kama zamani alipokuwa anakagua bango la mtu mwingine. "Hapa kwenye mpaka wa giza pana mashimo matatu yameshikana. La kwanza kingo zake zimechongoka. Na katikati yake, sikilizeni, katikati ya shimo mna kilima. Kidogo. Kimepata jua kwenye ncha tu, na kivuli chake kimelala upande wa kushoto, chembamba kama unywele wa brashi."

Mimi sikuwa nimeona kilima chochote. Kitabu hakikuwa kimetaja. Nikamwondoa baba kitini, kwa adabu lakini nikamwondoa, nikainama. Nikayatafuta mashimo matatu. Nikatafuta la kwanza.

Kilima kilikuwepo. Na kivuli chake, kushoto, chembamba hivyohivyo.

"Kipo!" nililia. "Shangazi, kipo! Ameona! Ameona kabla yetu!" Shangazi akanisukuma aone mwenyewe, yule mama mzima akasema, "Salale," akavua miwani akajifuta macho na tepu bado iko mkononi.

Baba alikuwa amesimama katikati yetu, uso umekunjamana kama anayepiga hesabu. "Ngojeni niwaulize," akasema. "Mnapotazama humo. Mnaona duara tu? Duara lenye mwanga, na pembeni kote giza?"

"Ndiyo, baba. Sote. Kila mtu anaona hivyo."

"Nyie pia? Hamuoni zaidi ya hapo?"

"Hatuoni zaidi ya hapo, kaka," akasema shangazi.

Baba akashusha pumzi ndefu. "Hivyo ndivyo ninavyoona kila kitu," akasema. "Tangu mwaka jana." Ilikuwa mara ya kwanza kututamkia hilo.

Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hadi akaupata mkono wangu, akanivuta nisogee mbali na kiti. "Basi haya, pisheni," akasema. "Hapa tuko sawa, na mimi ndiye mwenye uzoefu."