Nyaya Nilizozisokota

Ukinikuta karakana kwetu Masasi ukaniita fundi, nitaitika. Lakini kuna jambo nimelimeza, na mpaka leo linanikaba.

Kiwanda cha korosho kilipobinafsishwa, mashine yake kubwa ya kuchongea vyuma iliuzwa kama chuma chakavu. Chuma chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokufa ni mitambo ya kuiongoza. Bosi wetu, Mzee Nikolao, akainunua, akamwita Theodora, binti wa Newala niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe kabla hajaenda kusoma Dar. Alikuja na kompyuta kuukuu na programu ya bure, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Nikacheka. Rahisi ghali, nikasema, sembuse cha bure! Wiki sita tulivuta nyaya, yeye akiandika, mimi nikinung'unika. Mzee Nikolao alimwahidi: mashine ikitembea mbele ya wateja, ajira ni yake.

Siku moja kabla ya wateja kuja, Theodora alikwenda Newala msibani. Nikabaki naijaribu. Mwishoni mwa meza ya mashine, ile inayotembea na chuma kinachochongwa, palikuwa na swichi ndogo ya kuizuia isipitilize. Vumbi liliingia, ikawa inasimamisha meza kila dakika. Nikafanya kama tufanyavyo kwenye mashine za kusaga unga zikisumbua: nikaziunganisha nyaya zake moja kwa moja ndani ya sanduku la umeme, swichi ikawa pambo tu. Nilisema nitazifungua jioni. Nikasahau.

Kesho yake Theodora akawaambia wateja, "Sasa naipeleka meza hadi mwisho. Itasimama yenyewe, bila mtu kuigusa."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Haki ya Mungu, muda wa kupiga kelele nilikuwa nao. Lakini watu walikuwa wananitazama, fundi wa miaka thelathini kazini, na ulimi ukawa mzito. Meza ikapita, ikagonga, kiungio cha mota kikakatika.

Mzee Nikolao akanigeukia. "Baba Flora, nini hiki?"

"Si nilisema mimi? Vitu vya bure hivi!"

Theodora akafungua sanduku la umeme. Nyaya zilikuwa zimesokotwa mara tatu, ncha imekunjwa ndani. Karakana nzima tunaosokota hivyo ni wawili: mimi, na yeye niliyemfundisha. Akanitazama. Nikajua nimeumbuka. Akafunga sanduku taratibu, akamwambia bosi, "Kosa langu, mzee. Sikukagua kabla ya kuwasha."

Ajira ikaota mbawa. Hata hivyo alibaki siku mbili bila kuombwa, akabadilisha kiungio, akaisafisha swichi na kuirudishia nyaya zake. Akaja kuniaga, begi begani.

"Shikamoo, Baba Flora."

"Marahaba," nikasema. Niliona aibu hata kumtazama miguu.

Siku hizi watu hutoka Nanganga na Lupaso kuja kuchongewa vipuri. Meza ikifika mwisho husimama yenyewe, palepale Theodora alipoiwekea mpaka, nao hushangaa.

"Fundi, umeiwezaje hii?"

"Uzoefu," huwa nawajibu.