Majembe Yaliyozeekea Stoo

Magreti alikabidhiwa stoo ya Kijiji cha Mshikamano mwaka ule watu wa upande wa Rudewa walipohamishiwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Yeye alikuwa mtu wa milima ya Vidunda, kasoma shule ya misheni, akaolewa huku bondeni. Mwenyekiti Lazaro alimwambia mbele ya watu, "Mali ya kijiji ni ya kila mtu, lakini ikipotea nitakuuliza wewe." Kufuli la stoo lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Magreti. Wa pili alikuwa nao mzee Mwinshehe, fundi aliyechonga mipini na kutengeneza kilichovunjika.

Mvua zilipokaribia, serikali ilileta majembe mapya, bado yananuka rangi. Kila asubuhi ya kazi Magreti aliyagawa kwa watu wa shamba la pamoja, jioni akayapokea na kuyahesabu. Halikupungua hata moja, ndiyo maana alichelewa kugutuka. Siku moja alinyanyua jembe akaliona jepesi. Alilitoa nje kwenye mwanga: limelika, limebaki kama upawa. Akatoa jingine, nalo pembe zimekwisha. Palizi moja ya mahindi haiwezi kula chuma namna ile.

"Kuna mtu anachukua mapya na kuturudishia makuukuu," aliwaza. Moyo wake ukaenda moja kwa moja kwenye ule ufunguo wa pili.

Alianza kumchunguza Mwinshehe. Akisikia nyundo inagonga nyumbani kwa mzee, alisimama njiani kusikiliza. Akimwona amebeba kapu, alijiuliza lina nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi unanitazama kama mgeni?"

"Nakutazama vipi, mzee? Ni macho yako tu."

Akapasha msumari moto, akachoma alama kwenye kila mpini. Mavuno yalipofika, mipini yote yenye alama ilikuwepo, ila vyuma vilivyochomekwa humo vilikuwa vizee. Magreti alikaa juu ya gunia, akiwaza. Nani anayejua kuchomoa jembe kwenye mpini na kulirudishia jingine likakaza, kama si fundi?

Alikwenda kwa mwenyekiti. Mkutano ukaitishwa, na Mwinshehe akaambiwa arudishe ufunguo.

"Kazi yangu ni mipini," mzee alisema. "Chuma cha kijiji sijakigusa."

"Sasa nani, majini?" alipaza sauti Costancia, wifi yake Magreti, na watu wakacheka. Mwinshehe aliuweka ufunguo mezani, akaondoka bila kumtazama mtu.

Lakini majembe yaliendelea kuzeeka, na sasa mwenye funguo zote mbili alikuwa Magreti peke yake. Akipita kisimani, mazungumzo yanakatika. Siku moja alisikia nyuma yake, "Hawa wa mlimani wamesomeshwa kuiba kwa akili." Usingizi ukampaa. Akachukua tindo, akatia alama ndogo kwenye chuma chenyewe, mahali ambapo udongo hauwezi kupasugua. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Wiki hiyohiyo alikwenda kumsaidia Costancia kupura maharage. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, rangi yake haijatoka vizuri. Magreti aliligeuza. Alama ile pale.

"Wifi, hili la kijiji."

Costancia hata hakushtuka. "Si unagonga mpini kwenye jiwe, linachomoka, unachomeka lako bovu? Tunafanya hivyo shambani sote. Wewe unahesabu, hesabu inatimia, kila mtu anakwenda zake."

"Sote?"

"Zunguka nyumba za watu ujionee. Kwani si letu? Mwenyekiti si alisema ni la kila mtu?"

"Na mzee Mwinshehe tukamnyang'anya ufunguo! Na wewe ndiye uliyemcheka!"

Costancia aliendelea kupepeta maharage yake.

Magreti alitoka hapo mpaka kwa Mwinshehe. Alimkuta anapiga randa mguu wa kitanda. Akapiga magoti, akamsimulia yote, akamwomba radhi na kumsihi arudi kuuchukua ufunguo.

Mzee alipuliza maranda. "Ulininyang'anya mkutanoni. Hayo uliyoniambia, kayaseme mkutanoni."

"Itabidi nimtaje wifi yangu."

"Mimi ulinitaja bila kuniona na kitu."

Akayasema. Alimtaja Costancia, akaeleza mbele ya watu wote jinsi majembe yanavyobadilishwa, kisha akasema kwamba Mwinshehe hakuwa na hatia naye ndiye aliyemsingizia. Hakuna aliyecheka. Iliamuliwa kila mtu apewe jembe lake mwenyewe, lenye alama yake kwenye chuma, alitunze, na likiharibika alijibie yeye. Baadhi walirudisha yale mapya yakiwa yamefichwa ndani ya khanga. Wengine hawakurudisha, na kila mtu aliwajua.

Costancia aliacha kumwita wifi, akamwita "mama stoo" kwa miezi mingi. Mwinshehe aliendelea kuchonga mipini ya kijiji, lakini ufunguo aliukataa. Alikuja na mzigo wake, akaitikia shikamoo ya Magreti, akautua kizingitini na kurudi kwake. Ndani ya ile stoo hakukanyaga tena.