Kipande cha Sauti ya Mama

Mdogo wangu alinibembeleza wiki nzima niende kwenye kongamano lao la teknolojia. "Dada, tunahitaji masikio ya mwalimu," alisema. "Hawa wenzangu wa kompyuta wanajua kila kitu isipokuwa kusikiliza." Mimi nafundisha darasa la kwanza, na kazi yangu kubwa ni kusikiliza watu wakikosea kusoma. Nikakubali. Tangu tumzike mama, yeye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na sikuwa na moyo wa kumnyima kitu.

Ukumbi ulijaa meza ndefu na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi. Mdogo wangu ndiye aliyeongoza, kipaza sauti mkononi, shati limenyooka kama la bwana harusi. Alitueleza kazi. Watu wengi walikuwa wamejitolea kurekodiwa wakizungumza. Kompyuta ilizikata sauti zao vipande vifupi na kuandika ilichodhani kimesemwa. Sisi tusikilize kila kipande, turekebishe maandishi, kisha tubonyeze "nzuri" au "mbaya". Vipande vizuri vingekuwa data huria, mtu yeyote avichukue bure, ili simu na mashine zijifunze kutuelewa tunavyosema.

"Na mama yumo humo," aliniambia akipita nyuma ya kiti changu. "Mkikutana, usinililie juu ya kompyuta ya watu."

Hilo nililijua. Alimrekodi hospitalini akisimulia mambo ya zamani, na mama mwenyewe aliridhia, tena kwa maringo. Mimi sikuwepo. Mama alipolazwa nilishikilia afanyiwe upasuaji, yeye hakutaka hata kusikia. Siku moja akanichoka, akanifukuza mbele ya wodi nzima. "Toka. Usirudi mpaka nikuite." Mama akishasema amesema, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumbishia akabaki salama. Nikakaa kwangu nikisubiri kuitwa. Mdogo wangu ndiye aliyeshinda naye, na kila jioni nilimpigia kuuliza, "Ameniita?"

"Bado, dada. Mpe muda."

Mpaka alipopiga yeye, analia. Basi nikaishi nikijua kwamba mama alikwenda akiwa na kinyongo nami. Sikuwahi kumlaumu mtu. Nilijilaumu mwenyewe, nikameza.

Nikavaa hedifoni nikaanza kazi. Kulikuwa na bwana aliyesoma habari za hali ya hewa kama anayegombana na mvua, na dada mmoja aliyeshindwa kumaliza sentensi kwa kucheka. Jirani yangu mezani, fundi redio mstaafu, alibonyeza "mbaya" kila aliposikia mtu akivuta kamasi. Nilikuwa nafurahi, sitadanganya.

Halafu akaja mama. Alikuwa anasimulia jinsi baba alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima vinavyombana, akakataa kukaa kwa kuogopa kwamba hataweza kusimama tena. Nikacheka peke yangu, macho yamejaa maji. Nikabonyeza "nzuri". Vikapita vipande vya watu wengine, kisha nikamsikia akikohoa, kikohozi kile kile.

"Zima kwanza hicho kidude," alisema. "Umemwambia Chiriku aje? Mwambie nimemwita."

Chiriku ni mimi. Alinipa jina hilo nilipoanza kusema, kwa kuwa tangu hapo sikunyamaza, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Kompyuta iliandika "kiliko".

Nilikirudia kipande hicho mpaka fundi redio akaniuliza kama mashine yangu imekwama. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mdogo wangu akaja anatabasamu, nikamvika hedifoni na kubonyeza. Nilikuwa namtazama usoni. Tabasamu lilimtoka, akavua hedifoni.

"Dada, twende nje tuzungumze."

"Hapa hapa."

Akachuchumaa kando ya kiti changu. "Alikuwa ametulia," alinong'ona. "Ungekuja ungeanza tena habari za upasuaji, mngegombana. Nikasema nitakwambia kesho. Ikifika kesho nasema kesho."

"Nilikupigia kila siku."

"Najua."

"Ukaniambia bado."

Nilimchukia pale pale, mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, niliyemtafunia nyama kabla hajaota meno.

"Sikutaka ulijue namna hii," alisema. "Kabla ya leo nilitafuta jina lako kwenye maandishi ya kompyuta, nikafuta kila kipande kilicholitaja. Vyote nilivifuta. Hiki hakikuonekana kwa sababu hapa amekuita Chiriku."

Alisema hivyo kwa kujitetea, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri akaponyokwa na kitu kimoja tu. Ilinichukua muda kuelewa alichoniambia.

"Vyote?" nikamuuliza. "Kwa hiyo kuna mahali aliniita kwa jina langu."

Akatazama nyaya za sakafuni.

"Mara nyingi?"

"Dada, tafadhali."

"Nakuuliza."

"Kila nilipowasha kinasa sauti," alisema. "Alianza na wewe ndipo aanze hadithi."

"Na rekodi zenyewe, kabla hujazikata?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa amezifuta nazo, akiogopa kwamba siku moja ningeomba kuzisikiliza.

Alinyoosha mkono kuelekea kompyuta, nadhani afute na hiki kilichobaki, au labda anipangusie tu machozi. Siku hizi sijui tena mkono wake unataka nini. Nikausukuma. Nikafuta lile neno la kompyuta, nikaandika jina langu la utotoni, herufi moja moja, nikabonyeza "nzuri". Kisha nikavaa hedifoni nikamrudisha mama mwanzo, kwenye kikohozi. Alipofika pale anaponiita, nikaitika kwa sauti, "Abee, mama," na meza nzima ikageuka kunitazama.