Nyeusi ya Kitambaa cha Harusi

Baba alikuwa hajakiri kwamba haoni, na sisi tulikuwa hatujathubutu kumwambia kwamba tunajua. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Nyumbani kwetu watu wanne tulikuwa tukificha maradhi ya mtu mmoja, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Baba ni mchapaji nguo. Huchovya muhuri wa mbao kwenye sinia la rangi, huulaza juu ya kitambaa, kisha huugonga mgongoni kwa ngumi. Yeye hupiga nyeusi, mistari ya maua. Mimi hufuata na nyekundu ya kujaza ndani. Karibuni mistari yake ilianza kupandana. Nilikuwa nikiziba makosa kwa nyekundu hadi maua yakawa mabonge. Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Ndipo mdogo wangu akaposwa, na Baba akatangaza, "Kitambaa cha harusi cha kitinda mimba wangu hakiguswi na mtu. Nyeusi na nyekundu, nakipiga mwenyewe."

Mdogo wangu alilia jikoni. "Dada, nikasimame na mabonge mbele ya wakwe?"

Mama akaja na dawa yake. "Nitamwekea gundi tupu ya kukorogea rangi, bila rangi yenyewe," alininong'oneza. "Atapiga, atafurahi. Gundi inafulika. Baadaye utakichapa wewe, na tutamwambia ni kazi yake."

"Mama, njia ya mwongo ni fupi."

"Haya, nenda wewe ukamwambie ukweli."

Sikwenda.

Asubuhi Baba alisimama mezani amevaa shati safi, utadhani bwana harusi ni yeye. Alipapasa ukingo wa kitambaa, akalaza muhuri, akashusha ngumi. Akasogeza, akashusha tena. Kitambaa kilibaki cheupe, kimelowa tu.

"Mstari vipi?"

"Umenyooka, baba watoto," alisema Mama.

"Na wewe fundi mwenzangu, kazi unaionaje?"

"Nzuri, Baba," nikasema. Mdogo wangu akapiga makofi.

Alipomaliza zamu ya nyeusi alijifuta jasho, na kidole kikagusa midomo. Nyeusi yetu hutokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa kwenye maji ya sukari, na ukiionja ni kama umelamba msumari. Kila siku Baba huionja kabla ya kuanza. Siku hiyo Mama alimwambia ameshaionja yeye, naye akamwamini mkewe.

Alilamba kidole tena, polepole, akiitafuta ile ladha ya msumari. Kisha akageuza uso kwa Mama, akaugeuza kwangu, akaugeuza kule yalikotoka makofi. Nilitamani atutukane. Nilitamani apindue meza na kila kilichokuwa juu yake.

Hakutukana. Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akanipata, akaniwekea muhuri kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Piga wewe," alisema. "Mimi nitasimama hapa nikisema nzuri, nzuri."